Nani alikiua Chama cha Waliberali cha Uingereza? Ubishi wa wanahistoria tangu 1935

Kitabu Wazi (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam.

Tangu Wahafidhina wa Uingereza wabwagwe Julai 2024 wakabaki na viti 121, watu wengi wanauliza kama chama kikubwa kinaweza kufa. Kwa Uingereza jambo hilo limeshatokea. Januari 1906 Waliberali walishinda kwa kishindo, viti karibu 400 kati ya 670. Balfour, ambaye wiki chache nyuma alikuwa Waziri Mkuu wa Wahafidhina, aliangushwa hata jimboni kwake Manchester. Oktoba 1924 chama kilekile cha Waliberali kilirudi bungeni na viti 40. Kufika 1951 kilikuwa na sita. Nafasi yake ikachukuliwa na Leba, chama cha wafanyakazi, ambacho mwaka 1906 kilikuwa na wabunge wasiozidi 30.

Wanahistoria wamelibishania swali hili tangu 1935 na hawajamaliza. Nimelifuata kwa muda mrefu, na msimamo wangu nautoa mapema ili anayetaka kunipinga anipinge: kila kizazi cha wanahistoria kimempata muuaji aliyekuwamo kwenye makabrasha kiliyoyafungua. Aliyesoma barua za wakubwa alikuta ugomvi wa wakubwa. Aliyesoma kumbukumbu za vikao vya vyama vya wafanyakazi alikuta tabaka. Aliyefungua daftari la wapiga kura alikuta sheria ya uchaguzi. Kwa hiyo kabla ya kuuliza nani yuko sahihi, mimi huuliza huyu alisoma nini, na alikisoma mwaka gani.

Tuanze na George Dangerfield. Alikuwa Mwingereza aliyehamia Marekani mwaka 1930, akawa mhariri wa fasihi wa jarida moja la New York, na mwaka 1935 akatoa kitabu kilichosema kwamba Uingereza ya kiliberali ilikufa kifo cha ajabu kabla hata ya vita vya 1914. Wauaji aliwataja. Malodi wa bunge la juu walioikataa bajeti ya Lloyd George, Waziri wa Fedha wa Waliberali, mwaka 1909. Waprotestanti wa Ulster, kaskazini mwa Ireland, walioingiza bunduki kwa magendo bandari ya Larne, Aprili 1914, ili Ireland isijitawale. Wanawake waliovunja vioo vya madirisha wakidai kura. Wafanyakazi waliogoma mfululizo kuanzia 1910. Wote hao, kwa maoni yake, waliacha kuamini mazungumzo, na mliberali aliyenyimwa mazungumzo hana silaha nyingine.

Kitabu kinasomeka kama riwaya. Kumbukeni aliandika mwaka ambao Hitler alikuwa na miaka miwili madarakani, na kila mtu alikuwa akitafuta ni wapi akili ya Ulaya ilianza kupotea. Matukio aliyoyasimulia yalitokea kweli. Ila hakuonyesha popote kwamba bunduki za Larne au vioo vya London viliwafanya wapiga kura wa Leeds au Leicester wakihame chama. Alichora hali ya hewa ya nchi, akatuachia sisi kudhani kwamba hali ya hewa ndiyo iliyopiga kura.

Miaka thelathini ikapita. Mwaka 1966 Trevor Wilson, mzaliwa wa New Zealand aliyefundisha Adelaide, akaja na mfano wa basi ambao kila mwanafunzi wa somo hili anaujua. Mtu ana dalili za ugonjwa, anatembea barabarani, basi lililoshindwa breki linampanda. Wengine watasema angekufa tu kwa ugonjwa wake. Wilson akasema tunachokiona kwa macho ni basi, na basi hilo ni Vita vya Kwanza vya Dunia.

Hoja yake ina nyama. Vita viliwalazimisha Waliberali kufanya kila kitu walichoapa kutokifanya. Walikuwa chama cha biashara huria. Septemba 1915 Waziri wa Fedha wa kwao wenyewe, McKenna, akaweka ushuru wa theluthi moja ya bei kwenye magari, saa na ala za muziki kutoka nje. Walikuwa chama cha hiari ya mtu. Januari 1916 wakapitisha sheria ya kuwaingiza vijana jeshini kwa lazima. Halafu Desemba 1916 Lloyd George akashirikiana na Wahafidhina kumtoa Mliberali mwenzake Asquith kwenye uwaziri mkuu, na chama kikapasuka. Mei 1918, katika kura ya bunge iliyotokana na barua ya Jenerali Maurice ya kuituhumu serikali kudanganya kuhusu idadi ya askari, Waliberali 98 walisimama na Asquith na 71 na Lloyd George. Desemba mwaka huo Lloyd George na Bonar Law wa Wahafidhina wakawaandikia wagombea waliowataka barua ya kuwaidhinisha, ile ambayo Asquith aliibeza kwa kuiita kuponi, maana wakati ule watu walikuwa wanachukua chakula kwa kuponi. Asquith mwenyewe akapoteza jimbo la East Fife alilolishika tangu 1886.

Naishia hapa kwanza, niwasikilize.

MkaaKibarazani

Shukran sana Kitabu Wazi, uzi wa maana huu. Mie naona hawa wawili wote wanazunguka mbuyu. Jambo liko wazi: wafanyakazi walikuwa wengi, hawakuwa na chama, walipopata chama chao wakahamia huko. Vita viliwafanya vyama vya wafanyakazi viongezeke maradufu, kutoka wanachama kiasi cha milioni 4 hadi karibu milioni 8 kufikia 1920. Hapo Waliberali wenye viwanda wangebaki na nani?

Kitabu Wazi

Ndugu yangu wa kibarazani, umeigusa njia ya tatu, na ina wenyewe. Henry Pelling, kisha Ross McKibbin mwaka 1974, walikwenda hivyo hivyo. McKibbin alisoma nyaraka za Leba yenyewe, barua za matawi na kumbukumbu za vikao, akasema chama kile hakikuhitaji itikadi kali ili kikue. Kilihitaji wafanyakazi wajione kuwa wao ni watu wa aina moja, na kilihitaji ada za vyama vyao. Shirikisho la wachimba makaa ya mawe lilijiunga na Leba mwaka 1909, na hawa walikuwa watu waliojaa kwenye majimbo mazima, bonde baada ya bonde.

Lakini mwaka 1971 Peter Clarke alishatoa utafiti wake wa Lancashire, nchi ya viwanda vya pamba, uliokwenda kinyume. Alikubali kwamba siasa za kitabaka zilishafika kabla ya vita. Akasema waliofaidika nazo ni Waliberali. Tazameni walichofanya: pensheni ya wazee iliyoanza kulipwa Januari 1909, shilingi tano kwa wiki kwa aliyefikisha miaka 70, bajeti ya kutoza ardhi za matajiri, bima ya ugonjwa na ya kukosa kazi mwaka 1911. Hiki hakikuwa chama kilichokuwa kinangoja kuzikwa. Na tangu 1903 walikuwa na mapatano ya siri na Leba, yaliyofanywa na Herbert Gladstone na Ramsay MacDonald, ya kuachiana majimbo ili wasigawane kura za kuwaangusha Wahafidhina.

Halafu kuna ushahidi ambao watu wa nadharia ya tabaka walitokwa jasho kuueleza. Leba ilitoka uchaguzi wa Desemba 1910 na wabunge 42. Kutoka 1911 hadi vita vinaanza haikushinda uchaguzi mdogo hata mmoja, na ilipoteza baadhi ya viti ilivyokuwa navyo. Mwaka 1912 pale Hanley, mji wa wafinyanzi na wachimba makaa, kiti kilikuwa cha Leba. Mliberali aliyehubiri kodi ya ardhi alishinda na mgombea wa Leba akashika mkia. Kama tabaka peke yake lingetosha, Hanley ilikuwa mahali pa kuonekana.

Wapo waliojibu kwamba tusitazame bunge, tutazame madiwani, ambako Leba ilikuwa inaongeza viti mwaka hadi mwaka kabla ya vita. Jibu hilo naliheshimu. Nani ana haki ya kupiga kura ya diwani na nani ana haki ya kupiga kura ya mbunge yalikuwa mambo mawili tofauti, na hapo ndipo ubishi ulipohamia.

Mwana wa Ziwa

Mkuu, samahani nikuulize kwa moyo safi. Ukisoma hayo yote unaona nini zaidi ya kila mtu kuvutia upande wake? Nimewahi kusoma kwamba Roy Douglas, aliyeandika historia ya Waliberali na kusema kingeweza kupona, yeye mwenyewe aliwahi kuwa mgombea wao. Hii ni elimu au ni ushabiki uliovaa joho? Mimi ningesema tuwasome kama tunavyosoma magazeti ya vyama.

Kitabu Wazi

Mwana wa Ziwa, kuhusu Douglas ni kweli, na ni vizuri msomaji alijue. Lakini hapo kwenye magazeti ya vyama nakupinga kwa nguvu zote, na nitakupa kisa kinachonifanya niipende taaluma hii.

Mwaka 1976 Colin Matthew, McKibbin na John Kay walitoa makala kuhusu haki ya kupiga kura. Walisema hivi. Kabla ya vita, kama wanaume wanne katika kila kumi waliofikia utu uzima hawakuwamo kwenye daftari. Sheria ya 1918 iliwaingiza wanaume wote wa miaka 21 na wanawake wengi wa miaka 30 na zaidi, wapiga kura wakatoka chini ya milioni 8 hadi milioni 21. Waliokuwa nje, kwa hesabu yao, walikuwa zaidi watu wa tabaka la chini, wapiga kura wa asili wa Leba. Kwa hiyo ushindi wa Waliberali kabla ya vita ulikuwa umelindwa na daftari bovu. Mlango ulipofunguliwa, Leba ikajaa.

Hoja ilikuwa safi, ina namba, na ilijibu kwa mkupuo mmoja swali la Hanley: Leba ilishindwa kwa sababu watu wake hawakuwa na kura. Kwa miaka kadhaa ikawa ndiyo jibu la vitabuni.

Akaja Duncan Tanner, kijana wa utafiti, na makala ya 1983 kisha kitabu cha 1990. Yeye alikwenda kuangalia daftari lilivyokuwa linaandikwa kweli, mji kwa mji. Ili uandikwe kama mwenye nyumba ulitakiwa uwe umekaa hapo miezi kumi na miwili. Ukihama kutoka mji mmoja kwenda mwingine, unaanza upya. Mpangaji wa chumba alipaswa kulipa pango la kuanzia pauni kumi kwa mwaka na kudai haki yake upya kila mwaka. Mtoto mkubwa anayeishi kwa wazazi wake, hayumo. Mtumishi anayelala kwa tajiri wake, hayumo. Askari wa kambini, hayumo. Tazameni orodha hiyo vizuri. Wengi wa waliokosa kura walikosa kwa sababu ni vijana wasiooa, na vijana wasiooa wako kila tabaka: karani anayeishi kwa baba yake mwenye duka alikuwa nje, na mchimba makaa mwenye mke na nyumba ya kupanga alikuwa ndani. Upendeleo wa kitabaka ulikuwapo, ila mdogo kuliko walivyodhani wale watatu. Kwa hiyo wapiga kura wapya wa 1918 hawakuwa jeshi la Leba lililokuwa likisubiri nje ya geti.

Ndugu, ushabiki haufanyi kazi hiyo. Mtu alikwenda kwenye vumbi la ofisi za uandikishaji, akarudi na ushahidi uliowalazimisha wakubwa wake kurekebisha hoja iliyokwisha kutawala. Gazeti la chama halirekebishwi hivyo.

Mwana wa Ziwa

Nimekuelewa. Hilo la vijana wasiooa sikulijua. Endelea.

Dada Maktaba

Kaka Kitabu Wazi, hongera. Mimi kazi yangu ni nyaraka, kwa hiyo naomba niongeze upande ambao mara nyingi unapitwa: nani alizishika hizo karatasi.

Anguko la Asquith la Desemba 1916, ambalo kila mwanahistoria wa vita analizungumzia, kwa miaka mingi tulilijua hasa kupitia mtu mmoja aliyekuwa ndani yake. Max Aitken, Mkanada, baadaye Lodi Beaverbrook na mmiliki wa gazeti la Daily Express, ndiye aliyekuwa anakimbia huku na huku kati ya Bonar Law na Lloyd George siku zile. Kisha akaandika historia yake, juzuu ya 1928 na ya 1932. Kisha, na hapa mtazame vizuri, akajikusanyia nyaraka zenyewe: za Bonar Law zilimfikia kwa urithi, za Lloyd George alizinunua. Yaani mtu alishiriki tukio, akaliandika, na akawa na funguo za kabati la ushahidi.

Alikufa 1964. Mwaka 1967 maktaba yenye jina lake ikafunguliwa London, mkuu wake akiwa A.J.P. Taylor, mwanahistoria mashuhuri aliyekuwa rafiki yake na aliyeandika wasifu wake mwaka 1972. Maktaba ilifungwa 1975 na karatasi zikahamia bungeni. Wakati huohuo serikali ilipunguza muda wa kufunga nyaraka zake kutoka miaka 50 hadi 30, kwa sheria ya 1967. Ukijiuliza kwa nini vitabu vya kipindi hiki vililipuka kuanzia mwishoni mwa miaka ya 60, sababu kubwa ni kwamba milango ilifunguliwa.

Na wenye kalamu ndefu walitangulia. Lloyd George alitoa kumbukumbu zake za vita kati ya 1933 na 1936. Asquith alikwisha kufa 1928, hakuweza kujibu. Barua alizomwandikia binti wa rafiki wa familia, Venetia Stanley, nyingine akiwa katikati ya kikao cha baraza la mawaziri, hazikutolewa kitabu kizima hadi 1982. Kwa hiyo kwa miaka hamsini tulikuwa tunasikia upande mmoja unaongea kwa sauti kubwa kuliko mwingine.

Kitabu Wazi

Dada Maktaba, Mungu akubariki. Hili ndilo nililokuwa nataka aliseme mtu anayezishika karatasi kwa mikono yake.

Niongeze kwenye hilo. Nyaraka hizo za wakubwa zilizaa shule nzima pale Cambridge, chuo cha Peterhouse, chini ya Maurice Cowling. Kitabu chake cha 1971 kuhusu ujio wa Leba kinasema siasa za miaka ya 1920 hadi 1924 zilikuwa mchezo wa watu wachache sana kule juu, wanaoandikiana barua, wanaokula chakula cha usiku pamoja, wanaotafuta nafasi. Leba kwao ilikuwa tishio ambalo kila mmoja alilitumia kujipandisha. Kinasomeka kwa tabu, na kina jambo la kweli: Januari 1924 Asquith aliamua mwenyewe kuiachia Leba iunde serikali ya kwanza, wakati Wahafidhina walikuwa na viti 258, Leba 191 na Waliberali 158 au 159 kutegemea unavyohesabu. Hakuna tabaka lililomlazimisha asubuhi ile.

Lakini ukiisoma shule hiyo peke yake utadhani Uingereza ilikuwa na wakazi sitini. Mpiga kura wa Cowling hana uso. Kwangu mimi huo ni upungufu ambao wingi wa barua hauwezi kuufunika.

Ole wa Nyika

Salamu kutoka Narok. Nimesoma huu uzi kutoka juu hadi chini na kuna kitu kinanisumbua. Mnataja pensheni ya 1909 na bima ya 1911 kama ushahidi kwamba serikali ya Waliberali ilikuwa hai na yenye huruma. Mwaka huohuo wa 1911 serikali hiyohiyo ndiyo iliyowahamisha Wamaasai kutoka Laikipia. Mkataba wa 1904 ulikuwa umeahidi kwamba ardhi ile ni yetu muda wote Wamaasai watakapokuwepo. Waziri wa Makoloni alikuwa Lewis Harcourt, Mliberali. Wazee wetu walienda mahakamani, na mwaka 1913 kesi ikatupwa, eti mkataba ule ni wa dola na dola kwa hivyo mahakama haina uwezo nao. Je, kuna mmoja wa hao wanahistoria wako wa kifo cha Waliberali anayeliandika hili?

Kitabu Wazi

Ole wa Nyika, asante kwa kulileta. Katika vitabu nilivyovitaja humu, halimo. Na sitaki kulipaka rangi: ni pengo kubwa la ubishi mzima.

Sababu moja ni namna kazi ilivyogawanywa vyuoni. Wa siasa za ndani walikaa kivyao, wa historia ya dola kivyao, na kwa miongo mingi hawakusomana. Mtu angeweza kumaliza shahada ya juu kuhusu Waliberali wa Lancashire bila kukutana na jina la Laikipia, ingawa waliotia saini ni mawaziri walewale, kwenye baraza lilelile. Churchill, wakati ule Mliberali, anayesifiwa kwa mageuzi ya ajira alikuwa kabla ya hapo naibu waziri wa makoloni, akafika Mombasa Oktoba 1907 na kupanda reli kwenda Uganda.

Mtu anaweza kujibu kwamba Mmaasai hakuwa na kura Lancashire, kwa hiyo hahusiki na kuanguka kwa chama. Jibu hilo haliendi mbali. Uchaguzi wa 1906 wenyewe ulikuwa na makoloni ndani yake: mabango ya Waliberali yalijaa picha za vibarua wa Kichina walioletwa kwa makumi ya maelfu kwenye migodi ya dhahabu ya Transvaal, na walipiga kelele kwamba huo ni utumwa. Walishinda kura kwa hoja hiyo. Sasa chama kilichoshinda 1906 kwa kulaani utumwa wa Transvaal, na 1911 kikasimamia uhamisho wa Laikipia, hakiwezi kueleweka kwa kusoma daftari la Manchester tu. Dangerfield anasema uliberali ulikufa pale nguvu ilipochukua nafasi ya mazungumzo. Wazee wenu waliopeleka hoja mahakamani mwaka 1913 wangeweza kumweleza mambo ambayo New York hayakuwa yanaonekana.

Vizazi vya karibuni vimeanza kuvunja ukuta huo. Ila kitabu kinachoweka Larne, Hanley na Laikipia kwenye simulizi moja ya Waliberali, mimi bado nakitamani.

Ole wa Nyika

Basi nimeridhika kwamba umejibu bila kuzunguka. Asante ndugu.

Kura Yangu

Wadau, mbona hakuna anayegusa mfumo wa kura? Mwaka 1929 Waliberali walipata zaidi ya asilimia 23 ya kura na viti 59 tu kati ya 615. Mwaka 1983 muungano wa Waliberali na SDP, chama kilichojitenga na Leba, ulipata asilimia 25 na viti 23, Leba asilimia 27 na viti 209. Mwaka 2024 Reform, chama cha mrengo wa kulia, walipata asilimia 14 na viti vitano, Liberal Democrats, warithi wa Waliberali, asilimia 12 na viti 72. Mfumo huu wa anayeongoza jimboni ndiye mshindi ndio tuliourithi Kenya na Tanzania kwa ubunge. Muuaji mnamuona kabisa na mnampita.

Kitabu Wazi

Kura Yangu, huyu nakubali alikuwa eneo la tukio. Tena kulikuwa na nafasi ya kumzuia. Mwaka 1917 mkutano ulioongozwa na Spika ulipendekeza kura za uwiano kwenye miji mikubwa. Bunge likakataa, na Waliberali wengi hawakujali, kwa sababu mfumo uliokuwapo ulikuwa umewapa ushindi wa 1906. Pendekezo jingine, la mpiga kura kupanga wagombea kwa upendeleo, lilipita bunge la chini likakwama kwa Malodi. Miaka michache baadaye walikuwa wanaililia kura ya uwiano bila mtu wa kuwasikiliza.

Lakini mfumo unaadhibu aliyekwisha kuteleza. Haukuwagusa 1906. Lazima useme waliteleza kwa nini kwanza, na hapo mimi huwa naenda kwenye fedha, jambo ambalo wapenzi wa tabaka na wapenzi wa barua wote hulitaja haraka wakapita. Lloyd George alipokuwa Waziri Mkuu aliuza vyeo vya heshima na kujitengenezea mfuko mkubwa wa siasa, kashfa iliyosababisha sheria ya kuzuia biashara hiyo mwaka 1925. Alipopatana na Asquith 1923, mfuko ulibaki mikononi mwake na aliutoa kwa mkono mzito. Uchaguzi wa Oktoba 1924 ulikuwa wa tatu ndani ya miaka miwili. Waliberali, waliosimamisha wagombea zaidi ya 450 mwaka uliotangulia, waliweza kusimamisha kama 340. Kwenye majimbo yaliyobaki Mliberali wa kawaida aliamka siku ya kura akakuta hana mtu wake kwenye karatasi. Akachagua Mhafidhina au Leba, na wengi hawakurudi tena.

Kwa hiyo msimamo wangu uko karibu na wa Tanner: kabla ya 1914 chama kilikuwa na afya tofauti mahali na mahali, vita vilikipasua juu, na mpasuko ule ukashuka chini kama ukosefu wa fedha, mawakala na wagombea. Nani alikipokea kila kipande ilitegemea mji. Kuhusu Wahafidhina wa leo, namba ya 121 hainiambii mengi. Ningetazama madiwani wao, michango yao, na kama wana watu wa kusimamisha kila jimbo.

MkaaKibarazani

Swali la mwisho kwangu. Umesema ilitegemea mji. Tupe mji mmoja ambao si basi, si tabaka, si daftari.

Kitabu Wazi

Liverpool. Kulikuwa na Wakatoliki wengi wenye asili ya Ireland, na kwa miongo mizima waliongozwa na swali moja: Ireland ijitawale au isijitawale. Mahali pasipo na mgombea wao wa taifa la Ireland waliwapigia Waliberali, kwa sababu Waliberali ndio waliobeba muswada huo. Jimbo moja la mji huo, linaloitwa Scotland, lilimchagua T.P. O'Connor, mzalendo wa Ireland, kuanzia 1885. Mkataba wa Desemba 1921 ulipoipa Ireland ya kusini serikali yake, sababu ya kuwashikilia Waliberali ikaisha. Walikuwa vibarua wa bandarini na wake zao, na sasa wakapiga kura kama vibarua wa bandarini. O'Connor alibaki na kiti chake kwa heshima ya jina lake hadi alipofariki 1929. Aliyekirithi alikuwa mtu wa Leba.